Mistari Mitatu Mgongoni

Nyinyi mliokaa wiki nzima mkinilaani kwa kukatisha hadithi pale Fundi alipokuwa amenishika mkono, laana zenu zimefika. Goti langu la kushoto limevimba kama papai. Basi yaishe, nimerudi.

Aliyechelewa kuingia nitamsimulia kwa pumzi moja. Miaka hiyo nilikuwa koplo wa polisi, upande wa upelelezi, lakini sokoni hakuna aliyenijua kwa cheo hicho. Nilipandikizwa pale kama dobi. Meza yangu ya kupigia pasi ilitazamana na ghala lililokuwa likipokea dawa za wizi kutoka hospitali. Dawa za watoto, za sukari, za kifua. Wagonjwa wanaambiwa hakuna, kumbe zimelala humo ndani ya magunia ya pumba. Miezi saba nilipiga pasi nguo za watu, mpaka mkono wangu wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Hata leo anayenishonea shati hupima mikono yote miwili.

Mkuu wa wezi wale aliitwa Koplo. Msicheke. Baba yake alikuwa koplo wa polisi, jina likamganda mtoto. Kwa hiyo mwizi akawa Koplo, koplo akawa Dobi, na mimi mwenyewe siku nyingine nikiitwa ghafla nilikuwa sijui niitike lipi.

Ghalani alikuwamo mpakiaji mmoja mrefu, Mlingoti, rafiki yangu wa kweli. Mlingoti alikuwa na dada yake, fundi cherehani, meza yake ubavuni mwa meza yangu. Mkubwa wangu kazini, ambaye kwa upole wake tulimwita Mzee Taratibu, aliniagiza nimzoee dada ili nimpate kaka, nimpate kaka ili nimpate Koplo, nimpate Koplo ili tumjue huyo bwana mkubwa wa hospitali anayezitoa dawa.

Nikamzoea dada. Nikamzoea kupita maagizo. Na mara ya mwisho mimi na nyinyi tuliagana pale aliponishika mkono, akaniambia, "Mimi sina neno. Kamwambie kaka."

Sasa kaeni vizuri. Leo nakiri jambo ambalo hata mama yangu amekufa bila kulijua.

Nilimwambia kaka. Mlingoti alinikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha ardhi.

"Kumbe siku zote naazimana mkaa na shemeji yangu!" akasema. "Kesho asubuhi nakwenda kwa baba mdogo kukusemea. Nipigie shati langu jeupe. Lakini lipige kweli, siyo hizo pasi zako za kubabua."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Mimi nilipiga pasi vibaya, na ubaya ule ulikuwa wa makusudi. Mzee Taratibu alinionya siku ya kwanza: "Askari hujulikana kwa viatu na kwa pasi. Viatu vyako viache vile vumbi, na pasi yako iwe ya mtu aliyefundishwa na shangazi yake asiyeona vizuri." Basi miezi saba nilipindisha kola, nikaacha mikunjo kwapani, nikatukanwa na wateja asubuhi na jioni, yote kwa ajili ya kazi.

Lakini asubuhi ile, ndugu zangu, nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana akili. Nilishika pasi huku napiga mluzi. Nikawaza harusi. Nikawaza watoto. Wa kwanza nikampeleka shule, wa pili nikagombana naye kwa sababu alitaka kuoa mapema. Niliporudi kutoka huko nilikokuwa, shati limeshapigwa, Mlingoti ameshalivaa, anaondoka nalo.

Nikamtazama mgongoni.

Mistari mitatu. Imesimama wima, imenyooka kama uzi wa mwashi, mmoja katikati na miwili pembeni, unaweza kukatia nyanya. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa fimbo, alfajiri, miezi tisa. Hakuna raia anayepiga shati namna ile. Raia atafute nini na mistari mitatu mgongoni ambako mwenyewe hajioni?

"Mlingoti!" nikaita. "Rudi, kuna mahali pamekunjamana!"

"Leo hapana, shemeji! Napitia kwa Koplo kuomba ruhusa, halafu safari!"

Akaingia ghalani.

Sikumfuata. Dobi hamkimbilii mteja aliyeridhika. Nikabaki nimeshika pasi, kaa la moto likaniangukia kwenye kidole cha mguu, wala sikulisikia.

Haikupita nusu saa, akaja mpagazi mmoja wa Koplo, mtu mpana, shingo hana, kichwa kimewekwa moja kwa moja juu ya mabega.

"Dobi, unaitwa."

Ndani ya ghala, Mlingoti alikuwa amekalishwa juu ya kreti, kifua wazi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Shati lake lilikuwa limetandazwa mezani kama maiti inayosubiri kuoshwa. Koplo alikuwa amelisimamia. Mtu mdogo, ana miwani, ana sauti ya chini, ungemkuta mahali pengine ungedhani ni mtunza maktaba. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine.

"Karibu, Dobi," akasema. "Mimi nimelelewa kwenye nyumba za polisi. Shati la baba nilikuwa nampigia mimi, tangu nina miaka minane. Nikikosea mstari mmoja, nalala na njaa. Kwa hiyo hii mistari siisomi kwa macho, naisoma kwa tumbo. Humu ndani kuna askari, na aliyeingia na shati hili ni huyu. Mwenyewe anasema umempigia wewe. Ni kweli?"

Mlingoti akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme neno moja dogo, safari iendelee.

"Mwambie, shemeji," akasema. "Mwambie yaishe."

Hapa ndipo ninapokiri.

Nilikuwa na njia kumi. Ningeweza kusema niliwahi kufua nguo za kambini. Ningeweza kusema nilifundishwa na jirani aliyestaafu jeshi. Uongo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nimewadanganya majambazi, nimewadanganya mahakimu, na nyinyi wenyewe sijawaacha. Lakini siku ile uongo wote ulinitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, akabaki kifaranga mmoja tu.

"Si mimi," nikasema.

"Shemeji!"

"Hilo shati sijaligusa. Muulize mteja yeyote, pasi yangu inajulikana."

Koplo akacheka puani. "Hilo kweli. Suruali yangu uliirudisha utadhani imelaliwa na punda." Akamgeukia Mlingoti. "Basi umelipiga mwenyewe. Umefundishwa wapi, afande?"

Mlingoti hakumgeukia. Alikuwa bado ananitazama mimi, lakini sasa kama mtu anayesoma kibao kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua.

"Rudi kazini, Dobi," Koplo akasema. "Na mdomo wako mpe yule fundi wako aushone. Saa kumi lori linaondoka na mzigo. Huyu atalala chini ya mzigo. Kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe kuna maji marefu kumzidi hata yeye."

Nikatoka. Nje jua lilikuwa linawaka kama kawaida yake, halina habari.

"Koplo kakuitia nini?" Fundi akauliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Suruali yake."

"Na kaka umemwona alivyopendeza? Nimemwona akiingia. Utadhani askari wa gwaride!" Akainua macho. "We, mbona uso umekuwa kama wa mtu aliyemeza sindano?"

"Tumbo."

"Hilo ni tumbo la posa," akasema, akacheka peke yake. "Litapona baba mdogo akikubali."

Nikachukua kopo langu la wanga, ambalo chini ya wanga nilificha simu ya kazi, nikaenda chooni.

Choo cha soko ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Na kwenye simu tulikuwa na kanuni: hakuna polisi, hakuna cheo. Yeye ni mjomba muuza mbegu, mimi ni mpwa wake mkulima.

"Mjomba," nikanong'ona, "kuna mche unakufa."

"Mche wetu?"

"Wa jirani. Lakini nimeukanyaga mimi."

Nikamsikia anakoroga chai. Mzee Taratibu alikoroga chai hata akiletewa habari za msiba. Miaka thelathini kazini hajawahi kumzaba mtuhumiwa kofi, na sisi vijana wake tulikuwa tunaapa kwa jina lake. Kofi hukupa maneno, alikuwa akisema, subira hukupa ukweli.

"Unakufa lini?"

"Saa kumi leo. Mjomba, njooni tuung'oe. Njooni sasa hivi."

"Na mwenye shamba ameonekana?"

"Bado."

"Basi tukija leo tutavuna magunia na vibarua. Mwenye shamba atabaki, na mwezi ujao atafungua shamba jingine tusilolijua. Miezi saba, mpwa wangu. Fikiria wangapi wanazikosa mbegu hizo kila siku."

"Mjomba, ni mtu! Ana dada! Amefungwa kwa ajili ya—"

"Mche," akasema, kwa upole ule ule. "Acha ufe. Shamba ni kubwa."

Akakata.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "We uliyemo humo, unajenga?"

Nimeona watu wakiuawa kwa panga, kwa risasi na kwa gari. Siku ile nilisikia mtu akiuawa kwa upole, tena na mtu ninayempenda kama baba.

Nikatoka mbio kuelekea kituo cha polisi. Udobi ulikuwa umeshaniishia.

Mkuu wa kituo kile aliitwa Afande Radi. Yeye na Mzee Taratibu walikuwa paka na maji. Afande Radi alikuwa anasema Mzee Taratibu hapelelezi wezi, anawafuga. Yeye njia yake ilikuwa malori mawili na virungu: anapakia mtaa mzima kwanza, kosa atalitafuta njiani. Inasemekana aliwahi kukamata msafara wa mazishi, na marehemu akaandikwa mtuhumiwa namba moja.

Alikuwa amenifundisha gwaride chuoni, akanitambua hapo hapo.

"Koplo! Taratibu kakupeleka kufua?"

Nikamweleza yote, isipokuwa ghala lenyewe liko wapi. Kabla sijamaliza alishasimama, anafunga mkanda.

"Safi kabisa. Dakika ishirini tuko hapo, popote lilipo. Malori mawili, bunduki kumi na mbili."

"Afande, kuna mtu amefungwa mle ndani. Huyo tumtoe hai."

"Ni mwizi?"

"Ni mpakiaji."

"Anapakia nini?"

Nikatazama mkanda wake.

"Anapakia dawa za wizi," akanijibia. Akanionyesha benchi ukutani. "Mwezi uliopita mama mmoja alikufa pale, amekaa, anamsubiri mwanawe atoke zamu. Sukari ilipanda, hospitali ikasema dawa hakuna. Mwanawe ni askari wangu, na leo atakuwa kwenye lori la kwanza. Wewe unataka nimwambie nini? Kwamba ndani kuna mwizi mmoja mzuri? Ghala likifunguliwa, risasi haiulizi nani alikuwa amefungwa kamba. Haya, ghala lipi?"

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililonimaliza. Wote wawili walikuwa na hoja. Mmoja alikuwa tayari Mlingoti afe kwa ajili ya wagonjwa wa kesho, mwingine alikuwa tayari kumuua kwa ajili ya wagonjwa wa jana. Na aliyemfunga kamba ni mimi, kwa maneno mawili.

"Ghala lipi, koplo?"

"La njano," nikasema. "Lile la karibu na stendi ya malori."

Kule hakukuwa na kitu ila magodoro. Nilisikia baadaye kwamba waliyafyatulia risasi dakika kumi, na godoro moja likajisalimisha. Mwenye magodoro hajanisamehe mpaka leo. Tukikutana dukani hugeukia rafu ya sabuni.

Nilipofika sokoni ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Mezani kwangu pasi ilikuwa imezimika, majivu yamepeperukia nguo za watu. Fundi alikuwa amesimama.

"Baba mdogo kapiga simu," akasema. "Kaka hajafika."

Nilijua nikimjibu nitalia, na dobi akilia sokoni watu hukusanyika. Nikavuka njia, nikaingia ghalani kwa miguu yangu miwili.

"Shati nililipiga mimi," nikasema kabla mlango haujafungwa nyuma yangu. "Askari ni mimi. Huyu hajui lolote. Mfungueni."

Wapagazi walikuwa wanapakia maboksi ya mwisho. Wakasimama. Koplo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake.

"Asubuhi ulisema si wewe."

"Nilidanganya."

"Na sasa ndiyo umeacha kudanganya?"

Nikamtajia namba yangu ya kazi. Nikampigia saluti, kisigino kikalia mpaka popo wa darini wakaruka.

"Namba hata mimi ninazo," akasema. "Saluti hata yule kichaa wa stendi anapiga, tena anakushinda."

"Leta shati! Leta pasi, nikupigie mistari mbele ya macho yako!"

"Pasi ya mkaa mpaka ikolee ni nusu saa. Lori langu linaondoka baada ya robo saa." Akavaa miwani. "Sikiliza. Askari yeyote ana mkubwa wake. Mpigie wako. Sauti ya juu, na sisi tumsikie."

Nikatoa simu mfukoni, nikabonyeza namba mpaka ikaita.

"Hallo?"

"Afande! Ni mimi, koplo wako! Niko ghalani, wanataka kumuua mtu asiyehusika! Waambie mimi ndiye askari, Afande! Waambie!"

Nikasikia kijiko kikisimama ndani ya kikombe.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikatamani ulimi wangu ukatike uanguke. Tulikubaliana mimi na yeye, siku ile ya kwanza: siku nikimwita Afande kwenye simu, atajua nimekamatwa, nimewekewa kisu shingoni, na atanikana kwa kila namna ili nipone.

"Bwana, umekosea namba," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka. Alinipenda, mzee yule. "Mimi nauza mbegu. Mchicha, bamia, nyanya. Sina koplo."

Akakata.

Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Yule asiye na shingo alikaa chini kabisa, anapiga sakafu kwa viganja.

"Afande Bamia!" akawa analia. "Jamani, Mkuu wa Kikosi cha Mchicha!"

Mlingoti peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa. Niliona miezi saba ikipita usoni mwake mmoja mmoja: maswali yangu kuhusu lori, mkaa tulioazimana, dada yake.

"Koplo," akasema, "huyu anasema kweli. Ni askari."

"Na wewe lazima useme hivyo," Koplo akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Ningekuwa wewe, hata mimi ningesema."

Mlingoti akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa na hasira.

"Asubuhi, shemeji," akasema. "Asubuhi ndipo nilipokuwa nakuhitaji."

Koplo akanijia, akaniwekea mkono begani. Ilibidi aunyooshe juu, maana alikuwa mfupi.

"Dobi, mimi nimefanya kazi na watu wengi. Hakuna hata mmoja ambaye angeingia humu kwa miguu yake ili afe badala ya mwenzake, tena kwa uongo wa kitoto namna hii. Nimetafuta mtu kama wewe miaka. Leo unapanda lori, unakaa mbele na mimi. Nitakukutanisha na bwana mkubwa wa hospitali mwenyewe."

Miezi saba! Lango nililoligonga miezi saba lilifunguka lenyewe, na mbele yake amelazwa Mlingoti kama kizingiti.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu ni chini ya mzigo, kama tulivyosema. Pole. Utazoea."

Wakamnyanyua na kreti yake. Hakupigana. Wakamweka ndani ya lori, wakaanza kumpangia maboksi kifuani, taratibu, kwa ustadi ule ule aliowafundisha yeye.

Lango likagongwa.

"Hodi! Hodi humo ndani!"

Ilikuwa sauti ya Fundi.

Wote wakasimama. Koplo akaweka kidole mdomoni, akanisogelea.

"Mjibu wewe," akaninong'oneza. "Anakuamini. Mwambie kaka yake aliondoka tangu asubuhi. Ukimjibu vizuri, leo anaondoka huyu mmoja tu. Ukimjibu vibaya, lori lina nafasi."

Yule asiye na shingo akanifuata mpaka kwenye lango, akasimama nyuma ya bati ambako Fundi asingemwona. Nikafungua kimlango kidogo.

Alikuwa amesimama na futi yake ya kupimia shingoni, kipande cha uzi mweupe kimenata mdomoni. Nyuma yake soko lote la alasiri: wachuuzi, wapiga debe, akina mama na vikapu, watu mia tatu au zaidi, na sidhani kama alikuwamo hata mmoja ambaye hakuwahi kuambiwa dawa hakuna.

Mzee Taratibu na Afande Radi hawakukubaliana juu ya jambo lolote hapa duniani ila moja: usiwaite raia. Raia wakishaitwa hawapelelezi wala hawaandiki maelezo, wanaokota mawe. Na dawa zile Mlingoti alikuwa amezipakia kwa mikono yake mwenyewe, miaka miwili.

"Bwana Dobi," Fundi akasema. "Kaka nilimwona akiingia humu asubuhi. Sijamwona akitoka. Nimekaa pale mchana kutwa na macho yangu haya mawili. Nijibu. Yumo?"

Nyuma yangu injini ya lori ikawaka.

"Yumo," nikasema. "Na dawa zimo. Piga kelele, Fundi. Piga kelele zote alizokuzaa nazo mama yako."

Mkono mzito ukanishika kola kutoka nyuma. Fundi alinitazama mara moja tu, akaona nilivyokuwa navutwa, akageukia soko na kujaza kifua.